Ndani ya Nguo ya Msalaba

Kiwanja hakikuwa na ua wala mlango. Upepo uliingia kutoka upande wowote, mbuzi waliingia, mvua iliingia. Binadamu peke yao ndio waliosimama kwanza ukingoni, wakavuta pumzi, wakajiangalia nguo. Kilikuwa kiwanja cha wote. Ndivyo kilivyoitwa, na ndivyo kilivyosema kibao chake, ingawa jua lilikuwa limeshakula maandishi likabakiza neno la mwisho tu: WOTE. Ni nani hao wote, kibao hakikusema. Katikati ya kiwanja ulisimama msalaba.

Ulikuwa mrefu kuliko nyumba zote za mji ule, wa mbao mbili nyeusi zenye harufu ya lami, na hapakuwa na mtu aliyejua nani aliusimamisha. Ukiwauliza wazee, kila mmoja alikumbuka mwaka wake. Mmoja alisema uliachwa na wageni waliopita wakielekea kusikojulikana. Mwingine alisema hapana, uliota wenyewe, yeye aliuona ukiwa mche. Na wote wawili walisema kweli, maana katika mji ule jana haikukaa mahali pamoja. Mtu aliweza kulala kijana akaamka na mvi, akaenda shambani hivyohivyo, na jioni weusi wa nywele ukarudi. Watu hawakushangaa. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni koti la Mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe alibadilika, mara mnene, mara mwembamba, mara mwenye sauti laini, mara mwenye kikohozi. Koti lilikuwa lilelile la kijivu, na aliyelivaa ndiye aliyeuliza.

Kuuliza ndiyo ilikuwa kazi yake. Jambo lolote la kiwanja, iwe kuchimba kisima, kujenga kibanda au kufunga njia, baraza lilikaa chini ya msalaba, watu wakasema yao, halafu Mwenyekiti akavua kofia, akaugeukia msalaba na kuuliza. Kisha wote walinyamaza. Msalaba nao ulinyamaza. Kama Mwenyekiti alitaka jambo lipite, aliuliza, "Je, unakataa?" Kimya. Basi haukukataa, jambo limepita. Kama alitaka lisipite, aliuliza, "Je, unaridhia?" Kimya. Basi haukuridhia, na jambo limekwisha. Watu walivaa kofia zao wakarudi majumbani, na hakuna aliyekuwa na neno, kwa sababu hakuna mtu aliyesema neno.

Leokadia alikulia katika kimya hicho. Baba yake alipoomba kibanda cha kushonea pembeni mwa kiwanja, swali lilikuwa, "Je, unakataa?" Nyumbani kwao walipiga magoti wakashukuru. Haikuwahi kumpitia kichwani kwamba kuna nyumba ambazo swali lao lilikuwa lile lingine.

Yeye ndiye aliyeshona nguo ya msalaba. Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia mwisho, msalaba ulifunikwa kwa kitambaa cha zambarau tangu juu hadi chini, ukakaa hivyo ukingoja Pasaka. Ukishafunikwa ulifanana na mtu mzima aliyesimama amejitanda. Wapita njia wenye macho mabovu waliusalimu shikamoo, wakagundua, wakacheka wenyewe. Kitambaa kilishonwa nyumbani vipande viwili, wanaume wakakitupia juu kwa ngazi, mbele na nyuma, halafu mshonaji akaingia ndani, kati ya nguo na mbao, akaufunga mshono wa ubavuni. Lazima ufungwe kwa ndani, maana desturi ilitaka nyuzi zisionekane. Akimaliza alitoka kwa kutambaa chini ya upindo, kabla watu hawajafika. Hakuna aliyetakiwa kumwona akitoka. Nguo ilitakiwa kuonekana kama iliyoshuka yenyewe.

Kushona alifundishwa na Bi Saumu, mama yake Zamda, jirani yao, mwanamke wa swala tano, aliyetundika tasbihi yake shingoni mwa cherehani. Bi Saumu alimkalisha Leokadia na Zamda kwenye mkeka mmoja, akawapa sindano, na kila Leokadia alipomwonyesha kazi yake, yule mama aliinua kitambaa kwenye mwanga, akafumba jicho moja na kusema: "Umepinda. Fumua." Hakuwahi kugomba. Alisema vile na kumrudishia. Na Kwaresima zilipofika, Leokadia akiwa bado mkono wake haujanyooka, Bi Saumu ndiye aliyeikalia cherehani mchana kutwa akaunga zambarau ya msalaba, upande kwa upande, huku Zamda akimkatia nyuzi kwa meno. Watu waliipokea nguo wakasema mtoto wa fulani ana mkono. Leokadia aliinamisha macho. Hakusema si mimi. Bi Saumu naye hakusema.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kufunika. Leokadia aliingia ndani ya nguo asubuhi, akiwa na sindano, uzi, na kastabini kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano isimchome. Wale wa ngazi walimwambia wanakwenda kunywa uji, akimaliza aende zake. Wakaondoka.

Ndani palikuwa na mwanga ambao haukuwepo mahali pengine popote. Jua lilipita kwenye zambarau likawa kitu laini, kama kuwa ndani ya tunda. Mikono yake ilikuwa ya zambarau, mbao zilikuwa za zambarau, na harufu ya lami ilimlevya kidogo. Alianza kushona kutoka juu, akikanyaga vigingi vilivyopigiliwa kwenye mbao, akishuka polepole. Kila alipovuta uzi alijiona mtoto kwenye mkeka. Alipoukaza alikuwa bibi, vidole vimekakamaa. Akauvuta tena, akawa mtoto. Alifikiri: nikiwa humu, mimi ni nani? Wa nje akitazama ataona msalaba. Basi mimi ni mwili wa msalaba, au msalaba ni mifupa yangu? Na Yeye aliyetundikwa, aliulizwa na nani kama anaridhia? Wazo lilimtisha akalikaza pamoja na uzi.

"Shikamoo," ilisema sauti ya kike nje.

Leokadia alishtuka. Mwanamke yule akacheka, akamwambia mwenzake, "Kumbe ni yeye. Kila mwaka ananipata." Miguu ikapita. Nyuma yake ikaja miguu mingine, halafu viti vikaburutwa, na kikohozi alichokijua kikasafisha koo. Baraza lilikuwa limewahi. Au yeye alikuwa amechelewa. Au saa za nje zilikwenda mbio kuliko za ndani.

Angeweza kutoka wakati ule. Tumbo chini, atambae kutoka kwenye upindo, asimame mbele ya wanaume waliokaa, vumbi kifuani, khanga imepanda magotini, aseme samahanini waheshimiwa. Aliwaza tu kusema samahanini na masikio yakamwaka moto. Tangu utotoni hakuweza kupita mbele ya watu waliokaa. Alizunguka nyuma ya nyumba. Akasema moyoni, nitangoja waondoke. Haya ikamkalisha pale pale, chini kabisa ya msalaba, amekunja magoti, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure akiwa na hofu, iliendelea kushona.

"Mwaka huu ameshiba," alisema mzee mmoja wa baraza, mtu wa utani. "Tazameni huko chini. Kwaresima gani hii, anafunga huku ananenepa?"

Watu wakacheka. Leokadia akajikunja zaidi.

Mwenyekiti, ambaye siku hiyo alikuwa mwembamba, aliwanyamazisha. Yalisemwa mambo madogo ya mbuzi na ya mfereji, akauliza, msalaba ukanyamaza, yakapita. Kisha Leokadia aliona kupitia nyuzi za kitambaa, kama mtu anavyoona kupitia chandarua, kivuli kimoja kikitoka ukingoni mwa kiwanja na kuja peke yake katikati. Nyuma ya kivuli hicho, mbali, walisimama wanaume, na mabegani mwao kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kijani.

Alimjua kwa mwendo. Ni Zamda.

Zamda aliwaamkia wazee, akasubiri waitikie. Halafu akasema kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

"Mama yangu amefariki alfajiri. Mnamjua. Tunampeleka kumzika, na njia yetu ya bondeni imejaa maji, hata mtu mrefu hapiti. Naomba apite hapa, kutoka ukingo ule hadi ukingo huu. Hatutasimama."

Neno lile la mwisho lilimchoma Leokadia kuliko yote. Hatutasimama. Yaani hatutaweka chini uzito wetu, hatutapumzika, hatutafanya kiwanja kikumbuke kwamba tulipita.

Baraza lilimpa pole. Wengine walimpa pole ya kweli. Yule mzee wa utani alivua kofia akasema Bi Saumu alimshonea shati la harusi. Lakini hakuna aliyesema apite. Mwingine alieleza kwa upole kwamba si wao wanaozuia. Msalaba ndio uko pale. Haijapata kutokea maiti ya upande ule kupita mbele yake, tena siku ya kuvikwa, na wao ni nani wa kujichukulia uamuzi. Aliomba Zamda awaelewe.

Mwenyekiti alivua kofia, akaigeukia zambarau.

"Je, unaridhia?"

Leokadia alilisikia swali na akajua, kabla ya kimya, kwamba jibu lilikuwa limeshatolewa. Alilijua kama anavyoujua mshono uliopinda kabla haujafika kwenye mwanga. Na alijua sasa kwamba maisha yake yote alikuwa amekaa upande wa swali lile lingine, akishukuru.

Kimya kikaanza. Safari hii kilikuwa chake.

Sema. Usiseme. Wewe ni mtoto wa kushona, kaa ulipo. Bi Saumu yuko mabegani mwa watu, wanachoka, mmoja amebadilisha bega. Sema. Ukisema utakuwa umemsemea Mungu, na huo ni moto. Lakini wao wanamsemea kila siku. Wanamsemea kwa kunyamaza kwake. Aliyetundikwa hapa alikuwa mshtakiwa, hakuwa hakimu. Nani alimvika koti? Bi Saumu aliivuta zambarau hii chini ya sindano, akaunyoosha mkono wako, na watu wakakusifu wewe. Inamisha macho basi, kama siku zile. Ni kazi unayoiweza.

"Apite," alisema Leokadia.

Alikusudia kunong'ona. Lakini kitambaa kiliichukua sauti, mbao zikaitikia, na neno likatoka nje nene, lisilo la mwanamke wala mwanaume.

Kiti kilianguka. Mtu alilia. Halafu kwa kishindo cha magoti mengi, kiwanja kizima kikaenda chini. Walipiga magoti waliokuwa wakicheka muda mfupi uliopita, wakapiga magoti wenye pole za kweli na wenye pole za mdomo. Mwenyekiti peke yake alibaki amesimama. Leokadia alimwona usoni kupitia nyuzi. Alitazamia kuona hofu. Alichokiona ni furaha, furaha ya mtu aliyekuwa akibisha hodi kwenye nyumba tupu miaka mingi na ghafla akasikia karibu.

"Umesema," alitangaza Mwenyekiti, na kikohozi chake kilikuwa kimepona. "Mmesikia wenyewe. Sasa baraza la nini tena? Kuanzia leo kila kitu kitaletwa hapa. Shamba, maji, ndoa, nani akae na nani ahame. Utasema, nasi tutatii. Mimi nitakuwa karibu yake, nisikilize."

Watu wakasema amina. Ilikuwa amina nzito, ya shukrani, kama ya watu walioambiwa hawatalazimika kufikiri tena.

Ndani ya nguo Leokadia alijishika mdomo. Alikuwa ametaka kumfungulia njia mtu mmoja. Badala yake alikuwa amekipa kimya ulimi, na ulimi ule ulikuwa umeshachukuliwa na kuwekwa mfukoni mwa koti la kijivu. Kesho angeulizwa nini? Na akinyamaza, au akiwa hayupo, nani angesema?

Mwenyekiti aliwapungia wabebaji waje. Walianza kusogea. Zamda akainua mkono, wakasimama.

Alitembea kati ya watu waliopiga magoti, taratibu, akiangalia asimkanyage mtu vidole, hadi akafika kwenye zambarau. Alisimama karibu, kama mtu anayezungumza na jirani kupitia ukuta wa makuti. Alinusa. Labda harufu ya lami, labda harufu ya mafuta ya nazi kichwani mwa Leokadia, ambayo aliijua tangu mkekani.

"Dada," alisema Zamda, chini chini. "Najua ni wewe."

Leokadia aliibana sindano kiganjani.

"Mimi sikuja kuuomba msalaba wako. Nimekuja kwa watu, kiwanja ni chao na changu. Leo huyu akiruhusu, kesho huyuhuyu atakataa, na hapo nitamwuliza nani?" Akaigusa zambarau kwa ncha ya kidole. "Mama alikuwa anakuulizia jana. Toka. Kama unasema apite, niambie kwa uso wako. Halafu umsindikize."

Haya ilikuwa imemweka ndani. Kilichomjaa sasa hakikuwa haya. Haya ni kuogopa macho ya watu. Hii ilikuwa aibu, na aibu haikujali macho ya mtu yeyote isipokuwa jicho moja lililofumbwa na jingine lililoinuliwa kwenye mwanga. Leokadia alilala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya upindo na kutambaa. Kichwa kikatoka, kikafuatwa na mabega. Jua lilimpiga kama kofi. Aliona magoti ya watu, nyuso zikigeuka, midomo ikifunguka. Akavuta kiuno, na kiuno kikagoma.

Alivuta tena. Nyuma yake kitu kikachanika juu, mbali, karibu na mbingu.

Mikono yake, ile isiyojua kukaa bure, ilikuwa imeshona upindo wa khanga yake ndani ya mshono. Aliposimama, alisimama na nguo ya msalaba. Zambarau yote ilishuka nyuma yake, polepole kwanza, halafu kwa mkupuo, ikamwangukia mgongoni, ikatanda vumbini. Msalaba ukabaki mtupu mbele ya watu kabla ya siku yake. Mbao mbili. Juu ya moja palikuwa na kiota cha ndege kilichoachwa.

Wengine walijifunika macho, hawakujua kama wanajifunika kwa ajili ya mbao au kwa ajili ya msichana. Walipiga magoti mbele ya nani? Kila mtu aliona kwamba jirani yake ameona. Mwenyekiti alikuwa na kofia mkononi, mdomo wazi, akitafuta lipi kati ya maswali yake mawili lingefaa, na hakuna hata moja lililofaa. Koti lilionekana limemzidi.

Leokadia alimtazama Zamda. Ilimchukua muda kuinua macho, kwa sababu hakuwa amezoea.

"Apite," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa ndogo na haikufika hata safu ya pili. Akajaribu tena. "Mimi ndiye niliyesema. Si msalaba. Na nguo hii, miaka yote ile, alishona yeye." Akaonyesha kwa kidole chenye kastabini kule kwenye kijani.

Wabebaji hawakungoja zaidi. Walikuja. Watu wakaanza kuinuka na kurudi nyuma, huyu kidogo, yule kidogo, na njia ikafunguka katikati ya kiwanja. Haikufunguka kwa upendo. Walipisha wakiangalia chini, kama watu waliokutwa ndani ya chumba kisicho chao. Yule mzee wa utani peke yake alitia bega chini ya jeneza hatua chache, akaliacha, akarudi mahali pake bila kumtazama mtu.

Leokadia alifuata nyuma pamoja na Zamda. Zambarau ilimfuata ikikusanya majani na mavi ya mbuzi. Alisikia nyuma yake mtu akimwita mlaaniwa, na mwingine akimwambia huyo anyamaze, na hakugeuka, maana wote wawili alikuwa akiwaitikia moyoni. Hakuwa na hakika anatembea na umri gani. Kulikuwa na hatua alizozipiga kitoto na nyingine zilizomuuma magoti.

Kwenye ukingo wa pili wanawake walisimama, wanaume wakaendelea na jeneza kuelekea makaburini. Kijani kilipungua, kikawa jani, kikapotea. Hapo ndipo Zamda alipoinama, akaushika mshono pale khanga ilipoungana na nguo, akauweka mdomoni na kuukata uzi kwa meno. Leokadia akawa huru, akahisi baridi miguuni.

Alitaka kusema nisamehe. Alifungua mdomo na neno likawa kubwa mno kupita.

Zamda hakuwa akimtazama. Alikuwa ameokota ncha ya zambarau, ameipangusa vumbi, ameiinua juu kuelekea jua. Akafumba jicho moja. Na sauti iliyotoka, Leokadia hakuweza kujua ilikuwa ya nani kati ya wale wawili, aliyesimama au aliyepelekwa.

"Umepinda," ilisema. "Fumua."

Ikamrudishia.

Leokadia aliketi pale pale ukingoni, kwenye ardhi ambayo kibao kilisema ni ya wote, mbele ya macho ya watu waliokuwa bado wamesimama hawajui waende wapi. Akaitandaza nguo magotini, akatafuta mwanzo wa uzi, na kuanza kufumua.